Kungoja Joto Ivanovo

Katika mji wa Ivanovo, Urusi, joto haliwashwi na mwenye nyumba. Chini ya kila dirisha pana rejeta ya chuma, imepakwa rangi nyeupe mwaka baada ya mwaka hata mbavu zake zimenenepa, na rejeta hiyo haina swichi. Maji yake huchemshwa mbali, kwenye mitambo ile ile inayofua umeme wa mji, kisha husafiri ndani ya mabomba mazito yaliyovishwa bati, mengine yakipita chini ya ardhi, mengine yakikatiza juu ya barabara, mpaka yafike kwa kikongwe wa ghorofa ya tano na kwa mwanafunzi wa bwenini. Kanuni ni kwamba mji hufunguliwa joto pale wastani wa joto la nje kwa siku unapokaa chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Siku nne hazitoshi. Kwa hiyo kila mwaka, Septemba inapoelekea ukingoni, mji mzima huingia katika kipindi cha kungoja. Nje manyunyu hayakomi, ndani kuta zimepoa, watu wanalala na soksi na masweta, birika halishuki jikoni. Wakipishana ngazini wanaulizana swali moja tu, bado? Na jibu ni moja, bado. Mwalimu wa chuo anangoja, mlevi wa ghorofa ya chini anangoja, na mtu aliyezaliwa karibu na ikweta naye anangoja, kiganja juu ya chuma baridi. Kisha usiku mmoja mabomba yanaanza kuguruma, maji yanagonga ukuta kwa ndani, na jengo zima linaamka kusikiliza.

Mimi ni mhandisi wa nishati, na pengine ndiyo sababu jambo hili limenikaa moyoni. Nilifika Ivanovo kusoma katika chuo kikuu chake cha nishati, nikamaliza, nikapata kazi, nikabaki. Michoro ya mabomba hayo nimeilalia na kuiamkia. Najua maji hutoka mtamboni yakiwa na nyuzi ngapi na hurudi yakiwa yamepungukiwa ngapi. Lakini hesabu hizo hazinielezi ninachokiona kila Oktoba: watu wasiochekeana na wasiyemjua, watu ambao mgeni akiwatazama usoni mara ya kwanza hudhani wamemkasirikia, wamekubali kuishi kwa moto mmoja. Mwenye nazo atanunua hita ya umeme aisogeze miguuni, lakini ukuta wake hautapata joto mpaka ukuta wa jirani nao upate. Nikajiuliza, na ningali najiuliza, mgeni huingiaje katika moto huo? Bomba lilifika chumbani kwangu tangu siku ya kwanza. Bili ninalipa. Ila kulipa bili na kuwa na fungu ni mambo mawili, na umbali uliopo katikati yake ndio maisha yangu ya ugenini.

Mji wenyewe hauvumi. Uko kilomita zipatazo 250 kaskazini-mashariki ya Moscow, kando ya mto mdogo uitwao Uvod, na una watu wapatao 360,000, na kwa vipimo vya Urusi ni mji wa kawaida wa mkoani. Watalii hupita kando, waende Suzdal wenye makanisa yake, au Plyos ukingoni mwa Volga, ambako mchoraji Levitan alikaa misimu ya kiangazi kuanzia 1888. Ivanovo hawashuki. Na mahali pasipo na watalii, mtu wa rangi yangu hana kundi la kujifichia. Moscow mgeni anaweza kuzama. Mataifa yote yapo, macho yamechoka kushangaa. Kwenye mji mdogo hakuna maji ya kuzamia. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, na hakuna methali iliyonitesa kama hiyo katika msimu wangu wa kwanza wa theluji, pale dunia yote ilipokuwa nyeupe na mimi peke yangu nikawa wa kuonekana. Watoto walisimama mdomo wazi. Vijana walinipiga picha bila kuomba. Nilitukanwa kituoni na mtu mzima wa kunizaa. Nilisimamishwa na askari nitoe karatasi huku wenzangu wa darasani wakipita zao, na hakuna aliyegeuka. Yapo macho ya udadisi na yapo macho ya chuki, na ngozi hujifunza kuyatofautisha kabla ya akili. Nilitembea nimeinamisha kichwa muda mrefu, na jambo hilo linaniuma kuliko matusi yenyewe.

Lakini mji mdogo una tabia nyingine ambayo mji mkubwa hauna: macho yale yale hukurudia. Kondakta wa trolibasi, mama wa makamo aliyevaa fulana ya rangi ya chungwa na mkoba wa chenji kiunoni, aliyenitazama Novemba, ndiye huyo huyo aliyenitazama Desemba, na Januari, na hatimaye hakuna mtazamo unaoweza kubaki wa kigeni kwa muda wote huo. Mwanzo aliniuliza natoka wapi. Baadaye akaacha kuuliza. Kisha siku moja yenye baridi ya kupasua mawe akanifokea mbele ya abiria wote kwa sababu sikuvaa kofia. Alifoka kwa dhati, mkono kiunoni, akataja homa ya uti wa mgongo, akamtaja mama yangu ambaye hakuwahi kumwona, akauliza angejisikiaje. Abiria wawili wakamuunga mkono. Mimi nilikulia Mwanza, katika mtaa ambao mtu mzima yeyote alikuwa na haki ya kumkanya mtoto wa mwenzake na kumpeleka kwao akiwa ameshikwa sikio, na nilipokuwa nimesimama ndani ya lile basi nikikemewa, koo lilinikaba kwa furaha. Mtu hamkemei kuku mweupe. Hukemewa wa nyumbani.

Kuna mambo ambayo hayakunyooka na nadhani hayatanyooka. Salamu ni mojawapo. Sisi tumelelewa kuamini kwamba salamu haina kipimo. Tulionana asubuhi, tutaulizana habari za tangu asubuhi, na jioni tutaulizana za kutwa. Huko ukimsalimu mtu mara mbili kwa siku moja anakutazama kwa wasiwasi, anadhani umesahau kwamba mlikwisha kuonana, au kwamba una shida. Nimezoea kumpita mtu niliyemsalimu alfajiri nikiwa nimefunga mdomo, na kila ninapofanya hivyo nahisi nimemkosea. Nikija Mwanza likizo, dada zangu huniambia nimekuwa na uso mkavu. Ni kweli. Uso nao hujifunza lugha ya mahali.

Na kuna saa. Ivanovo hufuata saa za Moscow, na tangu Oktoba 2014, Urusi ilipozirudisha nyuma na kuziacha hapo kiangazi na kipupwe, saa hizo ni zile zile za Afrika Mashariki. Nikimpigia mama, mshale wa ukutani kwangu na mshale wa ukutani kwake umeelekea pamoja. Hakuna anayemwamsha mwenzake. Kwa mtu aliye mbali hivyo, hii ni neema. Ila sisi Waswahili saa zetu tumezifunga kwenye jua. Saa moja asubuhi ni saa moja kwa kuwa mchana umeanza na hiyo ndiyo saa yake ya kwanza. Saa kumi na mbili jioni mchana umekwisha na hesabu imefungwa. Mwanza jua huchelewa kidogo, lakini halijawahi kuvunja mkataba huo. Ivanovo, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza inapokaribia saa tatu asubuhi, jekundu na lisilo na nguvu, na saa tisa na nusu alasiri ikipita kidogo limekwisha kuzama. Juni hupindua kila kitu: linachomoza saa tisa na nusu za usiku na kutua saa tatu usiku imekwisha kupita. Rafiki yangu wa Pemba, aliyekuwa akisomea udaktari, alifunga Ramadhani iliyoangukia Juni 2016, akafuturu usiku wa saa tatu na dakika ishirini, na alfajiri ikamkuta tumbo halijatulia. Alikuwa akikaa dirishani akilitazama lile jua lisilotaka kushuka, kimya, bila kunung'unika. Nikimwambia mama kwamba ni saa nane mchana na nimewasha taa, hukaa kimya kidogo, kisha huuliza kama ninakula vizuri. Tumekaa ndani ya saa moja, kila mmoja na mchana wake.

Pengine ningeendelea kuuona mji huu kama mahali pa kusomea tu, kama si pamba. Ivanovo ni mji uliojengwa na nguo. Waliuita Manchester ya Urusi. Matofali mekundu ya viwanda vyake yamesimama kando ya mto hadi leo. Ni hapo, Mei 1905, wafumaji na wasokotaji waligoma, wakawa wanakutanika kwenye ukingo wa mto Talka, wakachagua baraza lao la wajumbe, ambalo vitabu vya historia ya Kisovieti huliita Sovieti ya kwanza. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake, na ndiyo maana hata sasa Warusi huuita mji huo mji wa mabibi harusi. Sasa fikiri. Pamba haioti Ivanovo. Haiwezi, ardhi yake hulala chini ya theluji karibu nusu ya mwaka. Marobota yaliletwa kwa treni kutoka Asia ya Kati, maelfu ya kilomita. Mji mzima, mitaa yake, hospitali zake, mashairi ya washairi wake, ulisimama juu ya zao ambalo udongo wake haukulijua. Kila uzi uliopita katika mitambo ile ulikuwa mgeni, na ndio uliowapa wenyeji jina. Nilipolielewa hilo nilitembea mjini nikiwa nimenyoosha shingo.

Baba yangu alikuwa msokotaji wa nyuzi katika kiwanda cha nguo mjini Mwanza. Pamba yake ilitoka karibu, Usukumani, ilipita kwenye majineri, ikamfikia bado ina harufu ya shamba. Kiwanda kile kilizimika miaka ya 1990, na nyumbani kwetu kimya chake kilisikika kuliko kelele zake. Ivanovo nayo ilinyamaza miaka hiyo hiyo. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, mashamba ya pamba yakajikuta nje ya mpaka, malighafi ikawa ya kununua kwa fedha za kigeni, na mji uliozoea kuamshwa na ving'ora vya zamu ukawa unaamka wenyewe. Majengo mengine yamekuwa maduka makubwa. Watu wananunua viatu pale walipofuma mama zao. Biashara ya nguo haijafa, mabasi bado huja kutoka mikoa mingine kuchukua mashuka na vitambaa kwa jumla, na mikono mingi inayopakua marobota sasa ni ya Watajiki na Wauzbeki, wageni wenzangu, ambao hutazamwa vibaya kuliko ninavyotazamwa mimi. Katika jumba la makumbusho la nguo za Ivanovo nimeona chiti za mwishoni mwa miaka ya 1920, zimechapwa matrekta, mabomba ya viwanda yanayofuka moshi, ndege na mundu. Vitambaa vilivyotengenezwa viseme. Nilisimama mbele yake nikiwaza khanga za mama, na zile khanga za sherehe za uhuru na za uchaguzi zenye picha za wakubwa. Wale wafumaji na sisi tulikuwa na imani moja, kwamba mtu akivaa neno mgongoni litaingia mwilini. Wanawake wa Ivanovo, nimeambiwa, walipendelea maua. Na mama pia, ukimpa nafasi ya kuchagua.

Bibi aliyenipangisha chumba alifuma miaka yake yote ya kazi. Masikio yake yaliharibiwa na mitambo, kwa hiyo anazungumza kwa kupaza sauti na anamtazama mtu mdomoni. Wafumaji wote wa zamani ndivyo walivyo. Ndani ya ukumbi wa mashine hakuna kilichosikika, wakazoea kusoma midomo. Kirusi changu kilikuwa kibovu kiasi kwamba karani wa dukani alikata tamaa, lakini bibi huyu alinielewa, maana hakuwa akisikia matamshi yangu, alikuwa akitazama nia yangu ikiumbika. Baba naye husikia kwa shida. Baba naye hupaza sauti. Nilipobisha mlango wa bibi mara ya kwanza nilimpa mkono nikiwa bado nje, akaukataa, akanishika kiwiko akanivuta ndani, maana huko hawapeani mkono juu ya kizingiti. Nikavua viatu bila kuambiwa, kama nilivyolelewa, akanitupia ndara. Akaniuliza jina langu, na jina la baba yangu. Adabu ya Kirusi humtaja mtu mzima kwa jina lake likifuatwa na la baba yake, nami nilimwita hivyo tangu siku ile. Lakini sikutazamia kwamba yeye atalichukua jina la mzee wangu wa Mwanza, alipachike mkia wa Kirusi, na kuniita hivyo hivyo kila asubuhi kutoka jikoni, kwa sauti ya kuamsha ngazi nzima. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jina la baba yangu linatamkwa kila siku katika mji ambao hataufikia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepokewa mara nyingi, na kwa shangwe. Urusi inajua kupokea wageni kwa jukwaa. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Oginga Odinga aliwapeleka vijana wa Kenya nchi za Mashariki kwa makundi. Radio Moscow ikatangaza kwa Kiswahili, na wazee wetu wakaisikiliza. Ivanovo yenyewe ina makao ya kimataifa ya watoto, yaliyofunguliwa 1933 kwa watoto wa wanamapinduzi waliofungwa au kuuawa makwao, yakabeba jina la mwanamapinduzi Yelena Stasova. Watoto wa Mao Zedong walipitia pale, na baadaye wakaja watoto wa Kihispania, wa Kichile, wa Kiafrika. Jengo lipo, na bado lina watoto. Bibi yangu anakumbuka wajumbe wa nchi za mbali wakija kiwandani kwake, wafumaji wakipangwa mstari na maua. Siyadharau maua hayo. Yapo mataifa yaliyotupokea kwa mijeledi. Ila Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wa Moscow baada ya mwenzao wa Ghana, Edmund Assare-Addo, kukutwa amekufa kando ya barabara nje ya jiji, na mabango yao yalidai wazi kwamba mauaji ya Waafrika yakome. Ukarimu wa serikali na ukarimu wa jirani havitoki chungu kimoja. Serikali humpa mgeni maua, hotuba na picha gazetini, kisha humwacha hapo hapo alipopigwa picha, mgeni wa milele.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia methali hii 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa, kueleza kwamba katika jamii zetu hakuna aliyekaa bila kufanya kazi. Nilipokuwa mdogo niliisikia kama onyo kwa mgeni mvivu, na watu wengi huitumia hivyo, kama mlango unaofungwa kwa upole. Ilibidi niende nyuzi 57 kaskazini ya ikweta ili niisikie upya. Jembe ndilo karibu yenyewe. Siku mbili za kwanza unalishwa, unatandikiwa, unasifiwa, na muda wote huo uko nje. Anayekupa jembe amekuingiza katika hesabu ya nyumba. Anakuambia mavuno yatakayokuja nawe umo.

Mei moja bibi alinipa langu. Warusi wengi wa mikoani wana kishamba nje ya mji, dacha, na kipimo cha tangu enzi za Kisovieti ni mita za mraba 600. Cha kwake kina kibanda cha mbao, miti ya tufaha, na matuta ya viazi. Nyonga zilikuwa zimeanza kumsumbua, na mwanawe yuko mbali. Hakuniomba. Jioni ya Ijumaa aliweka buti za mpira mlangoni, za saizi yangu, akasema kesho treni ya asubuhi. Wanalima kwa sepetu, wima, wakikanyaga kwa mguu, na mgongo wangu wa jembe la kuinamia ulichukua muda kukubali. Alisimama kando akinifokea: kina kirefu mno, sasa kifupi mno, chipukizi juu, juu nimekwambia! Mbu walitutafuna. Mchana tulikula mkate, mayai, vitunguu vya majani na chumvi tukiwa tumeketi juu ya ndoo zilizofudikizwa. Majirani wa uzio walikuja mmoja mmoja kuangalia; hakuna aliyeniuliza natoka wapi; waliniuliza viazi ni vya aina gani. Agosti tukavuna. Alinigawia gunia, nami nikalibeba hadi kwenye stoo ya chini ya ardhi ambako watu wa jengo letu huhifadhi vyakula vya msimu wa baridi, na majira yale ya theluji nilikula viazi nilivyovizika kwa mikono yangu. Kwenye benchi la mbele ya jengo, wanapoketi vikongwe, nilikuwa nikitajwa kama yule Mwafrika wa ghorofa ya tatu. Baada ya Agosti ile nikawa yule aliyemchimbia bibi viazi. Nimepewa vyeti maishani. Hakuna nilichokionea fahari kama cheo hicho.

Kisha ikaja Februari 2022, na vita vya Ukraine. Vita sikuviona mimi. Niliuona mji unaovipelekea watu. Ivanovo ni makao ya divisheni ya 98 ya askari wa miavuli, na kila tarehe 2 Agosti, sikukuu yao, wanaume wa rika zote huvaa fulana za mistari na bereti za buluu. Sasa makaburini kuna bendera nyingi mpya. Vituoni kuna mabango yanayotaja fedha atakazolipwa atakayetia saini mkataba wa jeshi. Machi ile Visa na Mastercard zilisimamisha huduma, na kutuma senti nyumbani kukawa safari ya kupitia mikono ya watu. Jikoni kwetu vita havitajwi. Bibi huwasha redio, huizima, huuliza kama nimevaa fulana ya ndani. Nimejifunza kukaa na ukimya wake bila kuukubali. Mtu aweza kukupa jembe na bado kukawa na jambo kubwa kati yenu lisilosemeka, na sitamdanganya msomaji kwamba viazi vimelifunika.

Watu wa Mwanza huniuliza nimekuwa Mrusi? La. Karatasi yangu ya ukaazi ina tarehe ya mwisho, na kila inapokaribia nasimama foleni na wengine, tumeshika bahasha, mioyo inadunda. Sitakuwa mwenyeji wa Ivanovo kama nilivyo mwenyeji wa mtaa wa nyumbani, na sioni haja ya kujifanya. Lakini kuna shamba moja nje ya mji ambalo Mei inapofika linaningoja mimi. Kwa mgeni, nadhani hilo latosha, na halipatikani ubalozini wala kwenye sherehe za urafiki wa mataifa.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu wanaendelea kwenda, na wengi hawaendi Moscow. Wanaenda miji ya aina hii, ambayo jina lake mzazi hajawahi kulisikia. Januari 2023 mwili wa mwanafunzi mmoja wa Kitanzania ulirudishwa nyumbani. Alikwenda kusoma, akahukumiwa kifungo huko, akiwa gerezani akajiunga na kundi la mamluki la Wagner kwa ahadi ya msamaha, akafa Ukraine. Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliripoti habari za wasichana wa Kiafrika walioitwa Tatarstan kwa ahadi ya kazi na masomo, wakajikuta kiwandani wakiunganisha droni za vita. Wote hao walikuwa na viza, na tiketi, na barua za mwaliko. Upweke wa mji wa mbali una wateja wake, nao huja na kalamu mkononi na maneno matamu, wakimtafuta yule ambaye hakuna benchi lolote litakalouliza yuko wapi leo.

Kwa hiyo wewe uliye na mwanao, mdogo wako au mpwa wako katika mji wa namna hiyo, mpigie simu. Pengine saa ni zile zile, humwamshi. Usimuulize habari za baridi. Muulize jirani yake anaitwa nani, na mara ya mwisho walifanya kazi gani pamoja. Akikosa jina la kutaja, msihi kesho asubuhi aende akabishe hodi mlango wa pili, kabla mwenye mkataba hajaja kubisha wa kwake.